Kufunga televisheni, kufungulia redio: hesabu ya Dodgers kutoka Brooklyn hadi Los Angeles

Msimu wa 2014 ulipoanza, klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers ilihamishia karibu mechi zake zote kwenye chaneli mpya, SportsNet LA, na takriban asilimia 70 ya nyumba za eneo hilo zikawa hazina njia ya kuitazama. Mgogoro huo haukuisha hadi Aprili 2020. Hapo katikati ilipita misimu sita, na katika kila mmoja Dodgers iliongoza ligi kuu nzima kwa idadi ya watu waliolipa kiingilio.

Wanaotetea kuubana mpira wa televisheni wanaishika takwimu hiyo kwa mikono miwili: watu walinyimwa nyumbani, wakaenda uwanjani. Wanaopinga wanajibu kwamba katika mji wa mamilioni ya watu, uwanja wa viti 56,000 utajaa hata ukifanya makosa, kwa hiyo viti vilivyojaa havisemi chochote kuhusu waliobaki nyumbani bila picha. Ubishi huu ni mkongwe kuliko televisheni yenyewe, na sioni klabu inayofaa kuupima kuliko Dodgers. Imewahi kutoa kila kitu bure, ikawahi kufunga karibu kila kitu, kisha ikamuuzia mnunuzi mmoja kila kitu.

Kabla ya hoja, kuna jambo moja la kiasi ambalo msomaji aliyezoea soka anapaswa kulijua. Timu ya besiboli inacheza mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani na 81 ugenini, karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Mechi ina ngwe tisa, yaani vipindi ambavyo kila timu hupata zamu yake ya kupiga, haina saa ya kuhesabu dakika, na kwa kawaida inachukua saa mbili na nusu hadi tatu. Anayenunua haki za matangazo ananunua zaidi ya saa 400 za vipindi, sehemu kubwa zikiangukia jioni watu wakiwa wametoka kazini. Ndiyo maana fedha zake ni nyingi, na ndiyo maana uhusiano wa shabiki na mtangazaji katika mchezo huu ni wa namna ya pekee: sauti moja inaingia nyumbani kila jioni kwa miezi sita.

Brooklyn: hofu ya redio

Mechi ya kwanza ya ligi kuu kutangazwa redioni ilikuwa ya Pittsburgh, tarehe 5 Agosti 1921, kupitia kituo cha KDKA. Wenye klabu waligawanyika mapema. William Wrigley wa Chicago Cubs alifungulia milango kituo chochote kilichotaka kutangaza, bila malipo, na mwaka 1929 klabu yake ilipata watazamaji karibu milioni 1.5. Klabu tatu za New York, yaani Yankees, Giants na Brooklyn Dodgers, zilikwenda njia ya pili: zilikubaliana kutotangaza mechi zao kabisa, kuanzia 1934, kwa miaka mitano. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu hawezi kulipia uwanjani kitu anachokipata bure sebuleni.

Aliyevunja makubaliano hayo ni Larry MacPhail, aliyekwenda kuiongoza Brooklyn mwaka 1938 akitokea Cincinnati. Mwaka uliofuata alimleta Red Barber, mtangazaji aliyewahi kumwajiri huko Cincinnati, na mechi zikaanza kusikika. Mahudhurio ya Brooklyn yalikuwa takriban 663,000 mwaka 1938. Mwaka 1939 yakafika 955,000 hivi. Wapenzi wa redio huikata hadithi hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu katika msimu huohuo timu ilipanda kutoka nafasi ya saba hadi ya tatu. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba redio haikuwafukuza watu. Kwamba iliwaleta, takwimu hiyo peke yake haitoshi.

Barber alikuwa na kifaa kidogo kinachoeleza kazi yake kuliko sifa zote alizopewa: chupa ya mchanga ya dakika tatu, ile ya kupimia muda wa kuchemsha yai. Mchanga ukiisha, anataja matokeo, anaipindua chupa, anaendelea. Sababu ni ya kiufundi kabisa. Msikilizaji wa redio anaingia na kutoka wakati wowote, na mchezo hauna saa ambayo ingemsaidia kujua umefika wapi. Mtangazaji anayemaliza dakika kumi bila kutaja matokeo anamwacha aliyewasha redio sasa hivi akiwa gizani. Watangazaji wengi wa leo, wa mchezo wowote, wangefaidika na chupa ile.

Mechi za ugenini zilikuwa habari nyingine. Kumsafirisha mtangazaji na kukodi laini ya simu usiku kucha kulikuwa ghali, hivyo mechi nyingi zilitengenezwa studio. Mwendeshaji wa telegrafu wa Western Union alikaa uwanjani akigonga vifupisho kwa msimbo wa Morse. S1C, kwa mfano, ni kwamba mpira ulipita sehemu halali, mpigaji akauacha, mwamuzi akauhesabu kuwa kosa la kwanza dhidi yake. Studio, mwenzake alivipokea, akavichapa kwenye karatasi na kumpa mtangazaji, naye akazigeuza herufi tatu kuwa picha nzima: mrushaji anafuta jasho, anatikisa kichwa, anarusha. Kipande cha mti kiligongwa kuiga sauti ya gongo, na santuri ya kelele za watu ikapandishwa na kushushwa.

Laini ikikatika, mtangazaji alikuwa na tundu moja tu la kutorokea. Katika besiboli, mpigaji akishahesabiwa makosa mawili, mpira anaoupiga ukaangukia nje ya mistari ya uwanja haubadilishi hesabu, kwa hiyo anaweza kuendelea kuupiga nje bila kikomo na matokeo yakabaki yalevile. Ronald Reagan, akiwa kijana mtangazaji wa kituo cha WHO cha Des Moines, alimweka mpigaji wa Cubs katika hali hiyo kwa dakika kadhaa akisubiri telegrafu irudi, na alilisimulia tukio hilo hata alipokuwa Rais. Barber alikataa ujanja huo. Aliiweka maikrofoni karibu na mashine ili mlio wake usikike na msikilizaji ajue anasikia mechi ya kuandikwa. Naona alikuwa sahihi, ingawa upande wa pili nao una neno: msikilizaji alitaka mechi, na mlio wa mashine unamkumbusha kila dakika kwamba hayupo uwanjani wala mtangazaji hayupo.

Mwaka 1938 mahakama ya shirikisho iliweka msingi ambao biashara yote ya haki za matangazo imeukalia tangu hapo. Kituo cha KQV cha Pittsburgh kilikodi sehemu zilizouchungulia uwanja wa Forbes Field kutoka nje ya ukuta, kikawaweka watu wake huko, kikawa kinatangaza mechi bila idhini. Klabu ilishtaki na kushinda: habari za mechi inapoendelea ni mali ya aliyeiandaa, na ana haki ya kuamua nani azitangaze. Bila hukumu hiyo, mjadala wa kufunga au kufungua usingekuwepo, maana kusingekuwa na mlango wa kufunga.

Televisheni, na kesi ya Boston

Televisheni iliingia kwa mlango uleule wa Brooklyn. Tarehe 26 Agosti 1939, kituo cha majaribio cha NBC, W2XBS, kilionyesha mechi mbili za Dodgers na Cincinnati kutoka Ebbets Field kwa kamera mbili, Barber akitangaza. Seti za televisheni zilizoweza kuipokea katika eneo la New York zilikadiriwa kuwa kama 400. Kamera za wakati huo zilidai mwanga mwingi, na mpira mweupe wenye kipenyo cha sentimita saba na ushei, ukirushwa kwa kasi, ulikuwa haufuatiki kwenye kioo kidogo. Hakuna mwenye klabu aliyekosa usingizi siku hiyo.

Usingizi ulianza kukosekana baada ya vita. Klabu ya Boston Braves ilipata watazamaji karibu milioni 1.45 mwaka 1948, msimu iliotwaa ubingwa wa ligi yake ya National. Iliuza haki za televisheni kwa miaka iliyofuata, na mwaka 1952 ikapata watazamaji 281,278 kwa msimu mzima. Mmiliki wake, Lou Perini, aliihamishia Milwaukee mwaka 1953, akapiga marufuku televisheni kwa mechi za nyumbani, na watu zaidi ya milioni 1.8 wakaingia uwanjani mwaka huohuo wa kwanza. Kwa wenye klabu wengi huo ulikuwa ushahidi uliokamilika.

Haukuwa umekamilika. Boston ilikuwa na klabu mbili na Red Sox ilipendwa zaidi; Braves waliporomoka pia kwa mchezo. Milwaukee ilikuwa na uwanja mpya, mji wenye kiu ya ligi kuu, na timu iliyokuwa inapanda hadi kutwaa ubingwa wa 1957. Kisha watu husahau sehemu ya mwisho: kufikia 1961 mahudhurio ya Milwaukee yalikuwa yameshuka hadi karibu milioni 1.1, na mechi za nyumbani zilikuwa bado hazionyeshwi. Kama televisheni ndiyo iliyoua Boston, basi kukosekana kwake hakukuiokoa Milwaukee.

Walter O'Malley, mmiliki wa Brooklyn, alikuwa akiitazama Milwaukee kwa jicho la wivu. Dodgers yake ilionyesha mechi za nyumbani bure kupitia WOR-TV, na mahudhurio yalishuka kutoka milioni 1.8 mwaka 1947 hadi zaidi kidogo ya milioni moja mwaka 1957. Ukimsikiliza yeye, lawama ni ya televisheni. Ukitazama ramani, unaona mengine: Ebbets Field ilikuwa na viti kama 32,000 na maegesho ya magari mia saba hivi, wakati mashabiki wake walikuwa wananunua magari na kuhamia vitongoji vya Long Island. Televisheni ilimpa shabiki aliyehama sababu ya kutorudi, lakini aliyemhamisha si televisheni.

Los Angeles: redio wazi, kioo kimefungwa

Alipoihamishia klabu California mwaka 1958, O'Malley alifunga. Alikuwa na matumaini na mfumo wa televisheni ya kulipia wa kampuni ya Skiatron, ambao ungemtoza mtazamaji kwa kila mechi, lakini haukufika popote. Kwa hiyo kilichobaki hewani kwenye kituo cha KTTV kilikuwa kidogo sana: mechi za ugenini dhidi ya Giants, waliokuwa nao wamehamia San Francisco, mechi chache kwa msimu. Mechi za nyumbani, hakuna. Upande wa pili aliifungulia redio yote, mechi zote, bure kwa msikilizaji, wadhamini wakilipa. Mmojawapo, kampuni ya mafuta ya Union Oil, alichangia hata fedha za kujenga Dodger Stadium uliofunguliwa 1962.

Bahati yake, kama ni bahati, ilikuwa na jina: Vin Scully, aliyeanza na klabu Brooklyn mwaka 1950 chini ya Barber na kuendelea hadi 2016, misimu 67. Misimu minne ya kwanza Los Angeles timu ilicheza Coliseum, uwanja wa riadha na futiboli ya Marekani ambao watu zaidi ya 90,000 waliweza kujaa humo, na wa safu za juu walikuwa mbali kiasi cha kutomtambua mchezaji. Mji ulikuwa mgeni kwa ligi kuu. Redio ndogo za transista zilikuwa zimeingia sokoni miaka michache tu kabla, na watu wakaenda nazo uwanjani ili waelezwe kile walichokuwa wanakitazama. Mwaka 1960 Scully aliwaambia wasikilizaji kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mwamuzi Frank Secory, akawahesabia moja, mbili, tatu, na uwanja mzima ukapiga kelele ya kumpongeza mtu aliyebaki ameduwaa chini. Mafundi nao walikuwa na kazi yao: redio zilikuwa nyingi jukwaani hata sauti ya Scully ikarudi kupitia maikrofoni ya kelele za watu, na ilibidi kuirekebisha isilete mwangwi.

Jambo hilo haliwezekani leo, na si kwa sababu watu wamebadilika. Matangazo ya analogia yalifika masikioni papo hapo. Ya kidijitali yanachelewa sekunde kadhaa, na ya intaneti yanaweza kuchelewa nusu dakika. Aliyeko jukwaani na simu yake anasikia mpira unarushwa wakati mpigaji ameshafika besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia.

Gharama ya kufunga kioo inaonekana vizuri katika usiku mmoja. Tarehe 9 Septemba 1965, Sandy Koufax, mrushaji wa Dodgers, aliwaondoa wapigaji wote 27 wa Chicago Cubs bila hata mmoja kufika besi ya kwanza, mechi ikaisha 1–0. Waliokuwa uwanjani walikuwa 29,139. Hakuna nyumba iliyoiona, kwa kuwa mechi za nyumbani hazikuonyeshwa. Kilichobaki ni sauti ya Scully katika ngwe ya tisa, akitaja saa ya ukutani mara kwa mara ili rekodi iwe na tarehe na saa ndani yake, hadi 3:46 usiku. Mtetezi wa O'Malley atasema rekodi ile inapendwa kuliko picha yoyote. Ni kweli. Ila hiyo ni faida iliyopatikana kwa kukosa, na kama picha ingekuwepo hakuna ambaye angeomba ifutwe.

Redio pia ilifanya kazi ambayo televisheni ya wakati ule isingeifanya. Mwaka 1958 Dodgers ilianza matangazo ya Kihispania kupitia KWKW, René Cárdenas akiwa mtangazaji. Mwaka 1959 akajiunga Jaime Jarrín, mzaliwa wa Ecuador, aliyebaki hadi 2022. Kwa miaka ya mwanzo Jarrín na mwenzake hawakusafiri na timu. Walikaa studio, wakasikiliza matangazo ya Kiingereza masikioni, wakayatoa kwa Kihispania papo kwa papo: ufundi wa enzi ya telegrafu, ila chanzo ni sauti ya binadamu badala ya herufi tatu. Hadhira hiyo ilijengwa zaidi ya miaka ishirini kabla mrushaji Fernando Valenzuela wa Mexico hajashinda mechi zake nane za kwanza alizoanza mwaka 1981. Umati uliomfuata ulikuwa umeshazoeshwa mchezo, na Jarrín ndiye aliyesimama kando yake kumtafsiria mbele ya waandishi.

Je, mahudhurio? Mwaka 1978 Dodgers ilikuwa klabu ya kwanza ya ligi kuu kuvuka watazamaji milioni tatu kwa msimu. Wafuasi wa kufunga wanaiweka takwimu hiyo mezani na kuondoka. Wangengoja kidogo waitazame Chicago, ambako televisheni ya WGN iliionyesha Cubs bure mchana karibu kila siku tangu 1948, na tangu 1978 ikasambaa nchi nzima kwa satelaiti. Klabu hiyo haikufika fainali ya taifa tangu 1945 hadi 2016, na bado ilijenga mashabiki katika majimbo ambayo haijawahi kucheza. Watoto waliotoka shule walikuta mechi iko kwenye televisheni. Sera ya tiketi isingewapata hao.

Kwa hiyo naona O'Malley alifaulu, ila si kwa sababu aliyoitaja. Kufunga televisheni hakukujaza uwanja peke yake. Kulikuwa na mji mpya, uwanja mpya, na ubingwa wa 1959, 1963 na 1965. Kilichofanya kufunga kusiwe hasara ni kwamba mlango wa redio ulikuwa wazi kabisa, na yeye mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kuuacha wazi. Kipato chake kilitoka kwenye kiingilio na kwa wadhamini wa redio. Watu wakipoteza hamu, anaumia mwezi huohuo.

Bilioni 8.35

Miaka iliyofuata tunaweza kuipita haraka: mechi za televisheni ziliongezeka kidogo kidogo, kebo ikaja, na mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa ikawa kwenye chaneli za michezo za Fox. Mwaka 2011 mmiliki Frank McCourt, akiwa na madeni, alitaka kusaini mkataba mpya na Fox. Kamishna wa ligi, Bud Selig, akaukataa, na siku chache baadaye klabu ikaomba ulinzi wa ufilisi. Kundi la wawekezaji la Guggenheim, nyota wa zamani wa mpira wa kikapu Magic Johnson akiwemo, liliinunua mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni mbili. Bei hiyo ilikuwa na maana moja tu: wanunuzi walikuwa wanategemea fedha za televisheni zijazo.

Zilikuja. Kampuni ya kebo ya Time Warner Cable ilikubali kulipa dola bilioni 8.35 kwa miaka 25. Gawanya: wastani wa dola milioni 334 kwa mwaka, zaidi ya milioni mbili kwa kila mechi. Chaneli ni ya wamiliki wa klabu. Time Warner Cable ilikuwa msambazaji, na ndiyo iliyobeba dhamana ya malipo.

Msambazaji alirudisha fedha zake hivi. Chaneli ya michezo inauzwa kwa kampuni za kebo na satelaiti kwa ada ya kila mteja kwa mwezi, na inawekwa kwenye kifurushi cha kawaida ili kila mteja ailipie, anayetazama na asiyetazama. Ada iliyotajwa wakati huo ilikuwa zaidi ya dola nne, yaani kama dola 50 kwa nyumba kwa mwaka. Bibi asiyejua besiboli ni nini anamchangia jirani yake anayetazama mechi zote. DirecTV, kampuni ya televisheni ya satelaiti, ilikataa, ikasema iko tayari kumuuzia anayetaka peke yake. Time Warner Cable nayo haikuweza kukubali hilo bila kuvunja hesabu zake, kwa kuwa wanaotaka ni wachache mno ukilinganisha na wanaolipishwa. Wasambazaji wengine wakakaa upande wa DirecTV.

Kumbebesha mmoja lawama zote si haki. Novemba 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki DirecTV kwa kubadilishana na washindani wake taarifa za mazungumzo ya chaneli hiyo, ili wote wajue hakuna atakayelegea kwanza. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano Machi 2017. Waliokuwa wakisema soko ndilo lililoikataa bei walisahau kwamba sehemu ya soko ilikuwa inanong'onezana.

Klabu nayo ina utetezi wa maana. Fedha ziliingia, zikanunua wachezaji, na tangu 2013 timu haijakosa hatua ya mtoano hata mwaka mmoja. Ubingwa ulikuja 2020, 2024 na 2025. Mkataba wa Shohei Ohtani wa dola milioni 700, uliosainiwa Desemba 2023, si wa klabu yenye kipato cha kawaida. Shabiki ukimuuliza kama angependa mechi za bure na nafasi ya nne, jibu lake halitabiriki sana.

Lakini tuirudie hoja ya uwanja. Mwaka 2013, mechi zikiwa bado zinaonekana kwa wengi, Dodgers ilipata watazamaji zaidi kidogo ya milioni 3.74. Mwaka 2014, kioo kikiwa giza kwa nyumba nyingi, ilipata karibu milioni 3.78. Tofauti ni asilimia moja. Kwa klabu hii, mji huu na timu hii inayoshinda, kufunga hakukujaza viti na kufungua kusingevitoa watu. Kiingilio si kipimo tena, na ajabu ni kwamba pande zote mbili bado zinakitumia.

Kipimo kingine kiko katika namna Scully alivyofanya kazi miaka yake ya mwisho. Sauti yake ilikwenda redioni na kwenye televisheni kwa pamoja katika ngwe tatu za kwanza; kuanzia ya nne alibaki televisheni peke yake, na redio ikachukuliwa na wenzake. Mpangilio huo haukuwa na tatizo wakati kila nyumba ina picha. Kuanzia 2014, shabiki asiye na chaneli alimsikia kwa saa moja hivi, kisha sauti ikahamia mahali asipoweza kuifuata. Mzee aliyekuwa amemsikiliza tangu enzi za transista Coliseum alikatiwa katikati ya mechi, karibu kila mechi aliyoitangaza Scully, misimu mitatu. Mechi chache za mwisho wa msimu zilipelekwa bure kwenye kituo cha KTLA, jambo la shukrani, ila lilithibitisha pia kwamba kufungua kuliwezekana siku zote.

Hapa ndipo 1958 na 2014 zinapotengana, ingawa kwa nje zinafanana. O'Malley alifunga mlango akiwa ndani ya nyumba ileile: hadhira ikipotea, anapoteza yeye. Mkataba wa 2013 ulimlipa mwenye klabu iwe watu wanaona au hawaoni. Hasara ya chaneli isiyouzika ilimwangukia Time Warner Cable, na kampuni ya Charter iliyoinunua mwaka 2016. Aliyekuwa na uwezo wa kusema "punguzeni bei, watu wangu hawaoni" hakuwa anaumia, na aliyekuwa anaumia hakuwa na klabu. Kwa mfumo huo misimu sita ya giza si ajali. Ingeshangaza zaidi kama giza lingeisha mapema.

Sasa mfumo wenyewe unabomoka kwa upande mwingine. Wateja wanaacha kebo, na anayeacha anaondoka pia na dola zake nne alizokuwa akichangia bila kutazama. Machi 2023 Diamond Sports Group, iliyomiliki haki za klabu nyingi za besiboli, iliomba ulinzi wa ufilisi. Mwisho wa Mei mwaka huo ligi ilichukua utangazaji wa San Diego Padres na kuuza mechi moja kwa moja kwa mtazamaji kwa dola 19.99 kwa mwezi. Mwaka 2025 Dodgers nayo ilianza kumuuzia mtazamaji bila kebo, kwa dola 29.99. Weka bei hiyo kando ya ile ada ya zamani: ni zaidi ya mara sita. Ndiyo bei halisi ya mechi pale wasiotazama wanapojitoa, na inaeleza kwa nini hakuna aliyetaka kuiuza hivyo mwaka 2014.

Kamishna wa sasa, Rob Manfred, anataka baada ya 2028, mikataba ya kitaifa ikiisha, haki za klabu zote ziwekwe kapu moja na kuuzwa na ligi, ili anayelipa mara moja aone mechi zote bila eneo lolote kuzuiwa. Kwa klabu ndogo ni wokovu. Kwa shabiki ni rahisi kuliko chochote kilichokuwepo tangu redio ya bure. Kikwazo kimeandikwa kwenye karatasi iliyosainiwa Los Angeles: mkataba wa Dodgers unakwenda hadi 2038, na hakuna kapu litakalokuwa na thamani kama klabu kubwa kama hiyo haimo. Ligi italazimika ama kuwafidia wamiliki wake kwa kuachia miaka kumi ya malipo yaliyodhaminiwa, ama kuuza kifurushi cha kitaifa chenye tundu la ukubwa wa Los Angeles. Klabu nyingine, ambazo ndizo zingechangia fidia hiyo, zitapiga kura zikijua zinamlipa tajiri ili akubali kugawana.